Biodizeli na hidrojeni kwenye magari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Gereji yetu ya dizeli iko kando ya barabara kuu, Morogoro, na wanaosimama hapa ni wa kila aina: madereva wa malori ya Zambia, wenye Hiace, na vijana waliotoka kutazama video usiku kucha. Maswali yao tumeyapanga kuanzia mepesi. Jambo likishajibiwa mahali pamoja, kwingine tunataja namba tu. Biodizeli hatuuzi, huwa tunatengeneza kidogo kwa pikapu yetu wenyewe.

## Misingi

1. Biodizeli ni nini hasa?

Ni mafuta ya mimea au ya wanyama yaliyobadilishwa kikemikali hadi yakawa mepesi kama dizeli. Alizeti, mawese, soya, mbono, hata mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi, yote yanafaa. Huchanganywa na methanoli pamoja na kostiki soda, ile ile wanayotumia watengeneza sabuni, kisha hujigawa: biodizeli juu, gliserini chini.

Ukisikia B5, B20 au B100, hiyo namba ni asilimia. B20 ni lita 20 za biodizeli ndani ya kila lita 100 za mchanganyiko, zilizobaki ni dizeli ya kawaida. B100 ni biodizeli tupu.

2. Na hidrojeni? Nayo ni mafuta?

Hapa ndipo wengi hupotea. Mafuta ghafi yanachimbwa, alizeti inavunwa, lakini hidrojeni ya kuendeshea magari kwa kawaida huzalishwa kiwandani, na kuizalisha kunakula nishati nyingi kuliko utakayoipata ukiitumia. Ichukulie kama dumu la kubebea nishati, basi. Swali la kwanza kwa anayekuletea habari za hidrojeni liwe: dumu hilo limejazwa na nini? (Swali la 14.)

Kwenye gari hutumika kwa njia mbili. Ya kawaida ni seli ya hidrojeni: gesi hukutana na oksijeni ya hewani, unatoka umeme wa kuzungusha mota, na nyuma yanadondoka maji. Ya pili ni kuichoma ndani ya injini, kama petroli. Toyota wamekuwa wakishindana na Corolla ya namna hiyo huko Japani tangu 2021, lakini gari la kununua dukani ni habari nyingine.

3. Ipi bora kati ya hizo mbili?

Hazishindani. Biodizeli inaingia kwenye gari ulilo nalo leo, tatizo lake ni kwamba mafuta ya kuitengenezea hayatoshi. Hidrojeni, maji na jua la kuizalisha tunavyo, tatizo ni kila kitu kinachofuata baada ya hapo. Anayekuambia moja itaiua nyingine huenda ana kitu cha kukuuzia.

4. Nina bodaboda. Naweza kutia biodizeli?

Hapana, hiyo ni injini ya petroli. Ndugu wa petroli upande wa mimea ni ethanoli ya miwa. Kenya iliwahi kuichanganya na petroli miaka ya 1980, ikitoka kiwanda cha Muhoroni, kisha ikaachwa.

## Biodizeli ndani ya gari

5. Gari langu la dizeli litaikubali?

Inategemea umri na mchanganyiko. B5 hata hutaitambua. Hadi B20, injini nyingi za dizeli hazihitaji kubadilishwa kitu, ila soma kitabu cha gari, kwa kuwa watengenezaji wengine wanaishia B7 na dhamana inakufa ukizidisha.

Injini za zamani za pampu ya kawaida, kama 1HZ ya Land Cruiser au 3L na 5L za Hilux na Hiace, ni wavumilivu. Shida yao ni mipira: mipira ya asili hulainika na kuvimba ikikutana na B100, ikaanza kuvuja. Badilisha mapema, uweke inayostahimili kemikali.

Injini za kisasa zenye nozeli za umeme na shinikizo kubwa ni jambo tofauti. Mle ndani nafasi za kupita mafuta ni nyembamba mno, na biodizeli iliyobaki na maji au gliserini kidogo tu inaua nozeli. Bei ya nozeli mnaijua. Gari likiwa na chujio la masizi kwenye ekzosi, usilijaribie mafuta ya dumu.

6. Nilitia B100, siku ya tatu gari likazima njiani. Biodizeli mbovu?

Huenda ilikuwa nzuri kabisa. Biodizeli ni kiyeyushi. Tenki lililobeba dizeli miaka 15 limejenga utando wa uchafu ukutani, na biodizeli inaubandua wote kwa mkupuo na kuupeleka kwenye filta. Ya kwetu tulipoikata ilikuwa imejaa tope jeusi kama masizi ya sufuria yaliyolowekwa.

Anza na B10 au B20, beba filta mbili za akiba, badilisha ya kwanza mapema. Tenki likishasafika, hali inatulia.

7. Inakula zaidi? Na nguvu je?

Lita moja ya B100 ina nishati pungufu kama asilimia 8 kuliko lita ya dizeli. Kwenye B20 tofauti ni asilimia 1 hadi 2, na dereva mwenye mguu mzito anaipoteza hiyo kabla hajafika Mikese.

Faida yake ni moshi. Masizi, kaboni monoksidi na mafuta yasiyoungua vyote hupungua. Uchambuzi wa shirika la mazingira la Marekani, EPA, wa 2002 uliona masizi yakipungua kama asilimia 10 kwa B20, huku oksidi za naitrojeni zikipanda kidogo, kama asilimia 2. Tena ina ulainisho mzuri, na pampu inaupenda. Harufu ya ekzosi ndiyo utani wa gereji: ukitumia ya mafuta ya chipsi, watu wanauliza mnapika nini.

8. Ni kweli huganda kwa baridi?

Kweli, na inategemea ilitokana na nini. Biodizeli ya mawese huanza kufanya ukungu kwenye nyuzi 15 hivi. Dar hujali, lakini lala Njombe au Mafinga mwezi wa Julai, au Limuru kwa wasomaji wa Kenya, asubuhi filta imeziba kwa vipande kama samli. Ya alizeti au soya huvumilia hadi karibu na sifuri. Kwenda nyanda za juu, changanya na dizeli kwa wingi zaidi.

9. Kwa nini nisimimine tu mafuta ya alizeti kwenye tenki? Rudolf Diesel mwenyewe si alitumia karanga?

Mwaka 1900, kwenye maonyesho ya Paris, injini ya mtindo wa Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na ikaenda vizuri. Lakini injini za siku zile zilikuwa nzito na za polepole. Mafuta ya kupikia ni mazito karibu mara kumi kuliko dizeli. Nozeli ya leo haiwezi kuyapulizia yakawa ukungu. Hutoka matone, hayaungui yote, yanaacha gaga kwenye nozeli na ringi, mengine yanashuka kwenye oili na kuifanya nzito kama uji. Gari litawaka na utafurahi wiki kadhaa, ndipo uje kwetu.

## Kutengeneza mwenyewe

10. Hatua ni zipi?

Kwa ufupi, ili ujue unachoingia, maana haya si maelekezo kamili. Mafuta huchujwa, hupashwa hadi maji yote yatoke, halafu huachwa yapoe mpaka nyuzi 55 hivi. Kostiki huyeyushwa pembeni ndani ya methanoli: kwa lita 100 za mafuta, methanoli ni kama lita 20, na kostiki gramu 3.5 hadi 5 kwa kila lita ya mafuta mapya. Mchanganyiko huo unaingizwa, unakorogwa saa nzima, unaachwa utulie usiku.

Asubuhi chukua chupa ya kioo uinyanyue kwenye mwanga. Ikikaa vizuri utaona mstari uliokatwa kama kwa rula: juu rangi ya chai ya rangi, chini kitu cheusi kizito kama asali ya nyuki wadogo. Hiyo ya chini ni gliserini. Ya juu bado haijawa tayari; inaoshwa kwa maji taratibu, mara tatu au nne, mpaka maji yatoke maangavu, kisha inakaushwa. Wengi huruka kuosha, ndio wateja wetu wa nozeli.

11. Yangu imekuwa sabuni. Nimekosea wapi?

Pole, sote tumepita hapo. Mara yetu ya kwanza tulipata dumu la lita 20 lililoganda kama maziwa mtindi, mke wa mwenzetu akalichukua kufulia maovaroli.

Sababu ni mbili, na mara nyingi zinakuja pamoja. Ya kwanza ni maji: mafuta ya chipsi yana maji ya viazi. Ya pili ni asidi: kadiri mafuta yanavyokaangiwa tena na tena ndivyo asidi yake inavyopanda, na asidi hiyo inaidaka kostiki na kugeuka sabuni. Ndiyo maana mafuta yaliyotumika lazima yapimwe kwanza kwa sampuli ndogo, ijulikane kostiki ya ziada ni gramu ngapi. Ukiona yamekuwa meusi na yanawasha koo kwa harufu, yaache.

12. Kuna hatari gani?

Methanoli ndiyo ya kuogopa. Ni sumu ile ile inayopofusha na kuua watu pombe haramu ikichakachuliwa, na haihitaji kunywewa: mvuke wake na kugusa ngozini vinatosha kudhuru. Inachemka kwenye nyuzi 65 tu, na mwali wake mchana hauonekani. Usifanyie jikoni, usifanyie karibu na mkaa, usiwe na watoto karibu. Kostiki nayo inaunguza macho, vaa miwani.

Biodizeli yenyewe ni pole, haishiki moto kirahisi kama dizeli. Ila haikai: baada ya miezi sita hivi huanza kuchacha, na inapenda kunyonya maji.

Kuuza ni suala jingine. Biashara ya nishati ya magari inasimamiwa na EWURA upande wa Tanzania na EPRA upande wa Kenya. Dumu la kumuuzia jirani bila leseni ni kesi, hata kama limetoka safi.

## Mafuta ya kutosha yatoke wapi?

13. Ile mibono kaburi iliishia wapi?

Wenye umri wetu wanakumbuka. Kuanzia 2005 hivi, mbono ulisifiwa kama mti wa miujiza: hauliwi na mbuzi, unaota kwenye ardhi mbovu, hautaki maji, mbegu zake zimejaa mafuta. Kampuni zikaja mbio. Kisarawe, Sun Biofuels ya Uingereza ilipata zaidi ya hekta 8,000 zilizokuwa za vijiji 11. Mwaka 2011 shughuli zikasimama, mamia ya vibarua wakarudi nyumbani, na ardhi haikurudi kirahisi. Kilwa, BioShape ya Uholanzi ilikodi eneo lenye msitu wa miombo, miti ikakatwa, mibono yenyewe haikufika popote. Kenya, mpango wa Dakatcha huko Malindi ulipingwa na wenyeji pamoja na watetezi wa msitu, ukakwama.

Kosa lilikuwa kwenye sentensi moja. Mbono unaota kwenye ardhi mbovu, ndiyo. Kuzaa kwenye ardhi mbovu ni kitu kingine. Utafiti uliofanyika Kenya 2009, taasisi za utafiti wa miti na misitu ICRAF na KEFRI wakishiriki, uliwashauri wakulima wadogo wasiulime isipokuwa kama ua. Bibi zetu walikuwa wakiupanda hivyo hivyo, uani na makaburini, bila kuhitaji mshauri.

Na mkulima wa Singida mwenye alizeti akiuliza kama auzie kiwanda cha biodizeli, jibu letu ni hapana. Nchi bado inaagiza mawese kutoka Asia ili watu wakaange samaki. Kuchoma alizeti kwenye injini halafu ukaagize ya kupikia ni hesabu ya kichekesho.

14. Basi mafuta ya chipsi? Na hidrojeni inazalishwa na nini?

Tumeyaweka pamoja makusudi, kwa sababu ni swali moja: chanzo.

Mafuta yaliyotumika ndiyo malighafi safi kuliko zote, hayachukui shamba wala chakula. Ila hapa kwetu hayatupwi. Hoteli inamuuzia mkaanga chipsi, mkaanga chipsi anayatumia hadi yanakuwa meusi, na yanayobaki ni machache tena mabovu (swali la 11). Kuyakusanya kutoka hoteli moja kwa moja kungetusaidia mara mbili, kwenye injini na kwenye mishipa ya walaji.

Hidrojeni nayo, karibu yote inayozalishwa duniani leo inatoka kwenye gesi asilia na makaa ya mawe. Ile ya gesi hutoa kilo 9 hadi 10 za kaboni dioksidi kwa kila kilo ya hidrojeni. Huitwa ya kijivu. Ya kijani ni ile ya kupasua maji kwa umeme wa jua, upepo, maporomoko au jotoardhi. Gari la hidrojeni ya kijivu linadondosha maji safi hapa, moshi umeachwa kiwandani.

15. Nasikia Makueni wanakamua mbegu za gari. Hiyo ni biodizeli?

Si biodizeli, ingawa nayo hutokana na mafuta ya mbegu. Kampuni ya mafuta ya Eni, ya Italia, ilifungua kituo cha kukamulia Wote, Makueni, Julai 2022, kwa mbegu za nyonyo, mukinduri na pamba. Mafuta husafirishwa hadi Gela, Sicily, na kule husukumiwa hidrojeni kwa shinikizo mpaka yanakuwa dizeli kamili, isiyoganda kirahisi na isiyo na mambo ya swali la 6. Njia hiyo hutoa pia mafuta ya ndege: Mei 2023 Kenya Airways iliruka Nairobi hadi Amsterdam ikiwa na mchanganyiko wake.

Kumbe hidrojeni na mafuta ya mimea wanakutana, lakini kiwandani.

16. Kuna nchi imefanikiwa?

Indonesia ilifika B40 mwaka 2025, Brazil B15 Agosti mwaka huo huo. Mmoja ana mawese, mwingine soya, wote kwa wingi wa kuuza nje, na wote wanalaumiwa kwa misitu iliyokatwa. Sisi hatuna ziada hiyo.

## Hidrojeni barabarani

17. Tuna bwawa la Nyerere la megawati 2,115. Kwa nini malori yasitumie hidrojeni?

Tufanye hesabu ya lori moja, Dar hadi Tunduma, zaidi ya kilomita 900. Lori zito la hidrojeni hula kilo 8 hadi 9 kwa kilomita 100, tuseme kilo 80 safari nzima. Kilo moja ya hidrojeni inataka uniti kama 55 za umeme kuipata. Jumla uniti 4,400. Mteja wa TANESCO wa daraja la chini, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, angeishi nazo karibu miaka mitano.

Halafu pa kuiweka. Kilo 80 hizo zikigandamizwa kwa bar 700, kama mara 300 ya upepo wa tairi la gari dogo, zinataka matenki ya lita 2,000, na matenki yenyewe yana uzito wa zaidi ya tani moja. Safari hiyo hiyo kwa dizeli ni lita 350 hivi. Mzani wa Vigwaza hautaki kusikia sababu.

Umeme ule ule ukiingia kwenye betri, kati ya uniti 100 zinazotoka kwenye mtambo kama 75 zinafika kwenye magurudumu. Kwa njia ya hidrojeni ni kama 30. Ndiyo maana treni ya SGR ya kwenda Dodoma, inayovuta umeme moja kwa moja kutoka kwenye nyaya tangu 2024, inatuvutia kuliko lori lolote la hidrojeni.

18. Hailipuki?

Inaweza. Huwaka ikiwa asilimia 4 tu hewani, hadi 75, haina harufu, na mwali wake mchana ni kama haupo. Faida yake ni wepesi: ikivuja nje inapaa na kutawanyika, wakati mvuke wa petroli unatambaa chini. Juni 2019 kituo cha kujazia hidrojeni kililipuka Sandvika, Norwe, kwa sababu ya kifuniko cha tenki kilichofungwa vibaya. Kiwandani inajulikana miaka mingi. Hofu yetu ni gereji ya uani.

19. Huko kwa wenzetu imefika wapi?

Magari madogo yamesuasua. Mwaka 2024 Shell ilifunga vituo vyake vya magari madogo ya hidrojeni huko California. Ujerumani, jimbo la Niedersachsen lilizindua treni 14 za hidrojeni mwaka 2022. Mwaka uliofuata likaamua zitakazonunuliwa baadaye ziwe za betri.

Mkakati wa Kenya wa hidrojeni ya kijani, uliozinduliwa Septemba 2023, unaanza na mbolea, wala si magari. Hapo tunawaunga mkono. Mbolea ya naitrojeni tayari inatengenezwa kwa hidrojeni, na sisi tunainunua kutoka nje.

## Maswali ya pembeni

20. Bajaji yangu inatumia gesi. Mtungi ule unaweza kujazwa hidrojeni?

Usijaribu kabisa. Gesi ya Songo Songo ni methani, mtungi wake ni wa bar 200. Hidrojeni ina chembe ndogo mno, hupenya kwenye sili na kukifanya chuma cha aina fulani kiwe dhaifu hadi kipasuke.

21. Kuna jamaa anafunga kifaa cha kutumia maji, eti hidrojeni inatoka kwenye betri ya gari.

Umeme wa kupasua maji unatoka kwenye altaneta, altaneta inazungushwa na injini, injini inakula dizeli yako. Kila hatua inapoteza. Mmarekani Stanley Meyer alidai gari lake linatumia maji. Mahakama ya Ohio mwaka 1996 ilikuta ni ulaghai na kuamuru awarudishie wawekezaji pesa zao. Kifaa kile ni chupa, waya na vibati. Waliokuja nacho hapa, tukikizima gari linakula vile vile.

22. Nimeona Toyota Mirai iliyotumika Japani, bei ya Passo. Niagize?

Ni rahisi kwa sababu. Kituo cha umma cha kujazia hidrojeni hapa hakuna, si Dar wala Nairobi wala Kigali, na haiwezi kuchajiwa kwa waya. Pia angalia tarehe kwenye kifuniko cha kujazia: matenki yale yana ukomo wa miaka 15, na Mirai za kwanza ziliuzwa mwishoni mwa 2014. Mteja mmoja aliuliza kama tunaweza kuitoa mashine yote na kuweka injini ya 1NZ. Inawezekana, lakini kwa gharama hiyo angepata Premio.